Mbona Mmekata Shina Mkaenda Zenu?

Simu hii huwa inaingia siku ya nne au ya tano baada ya sisi, mafundi wa kuondoa mitambaazi (mimea inayotambaa kwenye kuta na mapaa), kupita nyumbani kwa mteja: "Jamani, mbona mmekata chini mkaenda zenu? Kazi haijesha! Nyumba imekuwa kama kichuguu." Tunamwelewa. Amelipa ili mitambaazi itoke, naye anaamka kila siku akitazama ukuta wa majani yanayonyauka, na jirani akipita anauliza kama kuna mgonjwa. Basi tueleze.

Pemba majani hayahitaji kubembelezwa. Waarabu walikiita kisiwa hiki Al-Jazira Al-Khadhra, Kisiwa cha Kijani, na ukitaka kujua kwa nini, acha uwa wako bila panga kuanzia Machi mpaka Mei. Masika yakikatika, kile kitawi kilichokuwa kikichungulia ukutani kimeshapanda bati, kimeteremkia barazani na kimeingia ndani kwa tundu la dirisha. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu analala chumba cha mbele mwaka wa tatu sasa, na jembe bado limeegemea mlango wa stoo. Stoo yenyewe haifunguki, yeye ndiye kaishikilia.

Nyumba moja upande wa Wete, bi mkubwa alikuwa ameshahama nyumba yake mwenyewe chumba kwa chumba. Mitambaazi ilichukua jiko la uani, akahamishia mafiga barazani. Ikachukua stoo, akapanga vyombo ukumbini. Tulipoanza kukata akatuita dirishani: "Wanangu, mkikuta mbuzi humo msikate, niiteni!" Mjukuu wake akachomoka mbio, akarudi na kamba na fungu la majani ya kumtulizia. Baada ya saa nzima mbuzi akapatikana: mbuzi ya kukunia nazi, mguu mmoja umeliwa na mchwa, meno bado makali. Bi mkubwa akaipangusa kwa ncha ya kanga, na mchana ule tulikula wali wa nazi.

Sasa, kwa nini hatung'oi siku ile ile? Nyumba nyingi za zamani hapa ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mtambaazi ukiwa hai, vijizizi vyake vimekamata lipu kama vidole vya mtoto kwenye nguo ya mama. Ukiuvuta, unakuja na lipu, na pengine na jiwe. Kwenye bati, unainua misumari. Kwa hiyo tunakata shina chini, tunachimba mzizi, halafu tunauacha juu wiki mbili mpaka tatu. Vijizizi vinakauka na kulegea, na siku ya pili ya kazi tunaubandua kwa mkono. Hiyo kahawia unayoiona ni dalili kwamba kule kukata kumefanya kazi.

Mti wa mlandege ni habari nyengine. Ndege anakula tunda, anakuja kuiacha mbegu kwenye ufa juu ya ukuta, na mche unaota pale pale. Wakati wewe unausifu kwa kijani chake, mizizi inapasua ukuta kwa ndani na maji ya mvua yanaifuata mpaka kwenye vichwa vya boriti. Huo haukatwi ukaachwa, maana utachipua tena. Tunaufungua ufa, tunaufuata mzizi jiwe kwa jiwe, kisha tunaziba kwa chokaa na mchanga. Tukiombwa saruji kwenye ukuta wa chokaa tunakataa, hata mteja akinuna. Saruji inafungia unyevu ndani, na ukuta unaoza polepole nyuma ya lipu jipya.

Tafadhali usimwage chumvi wala dizeli kwenye shina. Chumvi inanyonywa na ukuta na kuibomoa chokaa, na dizeli inaishia ardhini, jirani na kisima. Moto ndio kabisa usiuguse, hasa palipo na paa la makuti. Mitambaazi ikiwa imepanda waya wa umeme, waarifu kwanza ZECO, Shirika la Umeme Zanzibar, sisi tutafuata.

Kama kuna upupu, tutabisha hodi mapema sana, umande ungali juu ya majani, kwa sababu vinyweleo vikiwa vimelowa havipeperuki ovyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo anueni nguo kambani, fungeni madirisha, na watoto walale upande wa pili wa nyumba.

Wakati mzuri wa kutuita ni masika yakimalizika, kabla vuno la karafuu halijashika kasi. Karafuu zinataka uwa mweupe wenye jua, siku kadhaa mfululizo, na jamvi lililotandikwa kivulini kwa mitambaazi halikaushi kitu. Kuja kuangalia hatutozi. Bei tunaitaja tukishauona urefu wa paa na kujua kama kuna mlandege.

Na kama kuna kuku anayetamia humo, tuambieni tukifika. Tutamzungushia alama, tutakata kwengine kote, na kichaka chake tutakirudia siku ya pili ya kazi, vifaranga wakishatoka.