Muda wa kuruka Mtwara–Kigoma si muda wa safari

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie jedwali la umbali wa anga kati ya miji yetu ya pembezoni mlilolichapisha wiki iliyopita, ambamo Mtwara na Kigoma zimetenganishwa na kilomita zipatazo 1,300, mwendo wa saa mbili na ushee kwa ndege ya pangaboi. Hesabu hiyo ni sahihi kwenye ramani, lakini msafiri wa njia hiyo hulazimika kupitia Dar es Salaam.

Julai nilimsindikiza binti yangu mkoani Kigoma, alikopangiwa Kidato cha Tano. Fomu ya kujiunga ilitaja siku ya kuripoti, na kwa kuwa basi lingetuchukua siku mbili au zaidi, nilitoa akiba yangu ya korosho nikakata tiketi za ndege. Tuliruka kutoka Mtwara saa 10 jioni na kutua Dar es Salaam saa 11, lakini ndege ya Kigoma ilikuwa ya kesho yake saa 7 mchana. Tulilala nyumba ya wageni jirani na uwanja, tranka la shule likiwa katikati ya vitanda viwili, naye kila mara akiichomoa ile fomu kuitazama tarehe. Tulitua Kigoma saa 9 alasiri na kufika shuleni saa 12:30 jioni. Kwetu Mtwara saa hiyo jua limekwishazama. Kule lilikuwa bado linawaka, na hapo ndipo nilipohisi hasa jinsi tulivyokwenda mbali. Tangu kuruka hadi kutua zilikuwa saa 23, na katika hizo 20 tulizimalizia Dar es Salaam.

Watu hudhani ni mzunguko unaorefusha safari. Mtwara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 400 za anga, na kutoka hapo hadi Kigoma ni kama 1,080, hivyo mzunguko wote unaongeza chini ya kilomita 200, ambazo ndege huzimaliza kwa takriban dakika 20. Muda wetu ulipotea kwa sababu ya ratiba mbili zisizojuana.

Siombi ndege ya moja kwa moja, maana najua abiria wa njia hii hawatoshi kuijaza. Ninachoyaomba mashirika ya ndege ni kuzioanisha ratiba hata kwa siku mbili za wiki, hasa shule zinapofunguliwa na kufungwa, ili ndege ya Mtwara itue kabla ile ya Kigoma haijaondoka. Nawe Mhariri, jedwali lenu lijalo liongezewe safu inayoonyesha muda wote tangu ndege ya kwanza kuruka hadi ya mwisho kutua, kwa sababu mzazi hupanga nauli, chakula na malazi kwa kuufuata muda huo.

Binti yangu atafunga shule Desemba, na safari hiyo atakuwa peke yake.

Mzazi,
Mtwara