YAH: KARATASI YA HISABATI UTAKAYOIKUTA NDANI YA BAHASHA

Ndugu mzazi au mlezi,

Salamu. Muhula umekwisha salama. Pamoja na ripoti ya mwanao utakuta karatasi yake ya mtihani wa hisabati. Tumeirudisha nyumbani makusudi, na nakuomba uipitie kabla hujaangalia alama.

Siku ya wazazi nilisikia kauli moja kila meza niliyofika: "Mwalimu, hisabati hata mimi ilinishinda." Husemwa kwa kicheko, kwa nia njema ya kumfariji mtoto aliyeinamisha kichwa pembeni. Ila mtoto wa miaka 12 hafarijiki. Anachokisikia ni kwamba jambo hili ni la ukoo, kama urefu au sura, basi ajisumbue kwa lipi?

Na madarasa haya ya kati ndipo wengi wanapokata tamaa. Zamani walihesabu vitu wanavyoviona. Sasa zimeingia sehemu, namba hasi, na herufi zinazokaa mahali pa namba. Si mambo mepesi. Brahmagupta wa India aliandika kanuni za namba hasi mwaka 628, na miaka zaidi ya 1,000 baadaye bado walikuwapo wanahisabati wa Ulaya waliozikataa. Mwanao tumempa wiki chache.

Tazama swali la nne: 1/2 + 1/3. Wengi wameandika 2/5, yaani wamejumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini. Usikaripie, wala usimpe jibu. Muulize: 2/5 inazidi nusu au haifiki? Haifiki. Sasa mtu mwenye nusu, akaongezewa, anabakije na pungufu ya nusu? Kisha nyamaza. Kimya hicho humtesa mzazi kuliko mtoto, lakini vumilia. Akishaona mwenyewe kwamba vipande havilingani, atatafuta namna ya kuvilinganisha: 3/6 na 2/6, jumla 5/6. Kosa lile halikuwa uvivu, lilikuwa na mantiki yake, na mantiki hurekebishika.

Kama wewe mwenyewe hisabati inakutoa jasho, usilazimishe kufundisha. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2015 kuhusu watoto wa darasa la kwanza na la pili ulionyesha kwamba wale ambao wazazi wao wana hofu ya hisabati walijifunza hisabati kwa kiwango cha chini pale wazazi hao walipowasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani. Wetu ni wakubwa kidogo, lakini hofu wanainusa vilevile. Sema tu, "Hili silijui, hebu nieleze mlivyofundishwa." Anayeeleza ndiye anayeelewa.

Lawama si zenu peke yenu. Maryam Mirzakhani, mwanahisabati wa Iran na mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani, mwaka 2014, alipoingia shule ya kati hakufanya vizuri katika hisabati. Mwalimu wake hakumwona kuwa na kipaji, naye akapoteza hamu. Mwaka uliofuata alipata mwalimu aliyemtia moyo. Kisa hicho niliwasomea walimu, si wanafunzi, na nilijisomea mimi kwanza, kwa sababu kwa miaka mingi nimewapandisha jukwaani waliopata alama za juu na waliomaliza mapema tu. Muhula ujao atapanda pia aliyekosea, akarudia, akatuonyesha alipojikwaa. Jedwali la kuzidisha bado ni lazima kulijua kwa moyo, hapo sijalegeza. Tunachoacha ni kuwashindanisha kwa saa mbele ya wenzao.

Kazi ya likizo ni moja: achague maswali mawili aliyokosa, ayafanye upya, na pembeni aandike kwa maneno yake alikuwa anafikiri nini mara ya kwanza. Tafadhali usimwandikie wewe, mwandiko tunaufahamu. Karatasi irudi siku ya kufungua shule, ikiwa na sahihi yako. Tarehe ipo chini ya ripoti.

Wako katika malezi,

Mwalimu Mkuu