Asante, mzee wa filimbi wa Miltown Malbay

Mzee wangu, jina lako sikuliuliza, na hilo linaniuma mpaka leo. Ilikuwa Julai, wiki ya shule ya muziki ya Willie Clancy, kule Miltown Malbay, mji wa kaunti ya Clare, Ayalandi. Kila kona watu wanapiga fidla, nami nimejibanza pembeni na filimbi yangu ya bati yenye matundu sita, karatasi ya noti za muziki mkononi, naogopa hata kuipuliza.

Uliichukua karatasi taratibu, ukaikunja, ukanitilia mfukoni. "Sikiliza kwanza." Ukapiga jigi moja, wimbo wa dansi wa Kiayalandi, kipande kwa kipande, ukingoja nikishike kwa sikio. Kisha ukanionyesha roli, pambo la kuirembesha noti: noti moja ndefu, kidole cha juu kinanyanyuka kama kimeungua, cha chini kinagonga tundu na kuachia, pumzi haikatiki. Vidole vyako vilitetemeka ulipoinua kikombe, lakini juu ya filimbi vilitulia tuli.

Kwa muda wa saa mbili ulikaa nami, chai yako ikapoa, wenzako wakikuita uende ukapige nao. Hukwenda.

Ile jigi naipiga kila jioni. Roli imekubali, mzee. Asante sana, Mungu akuweke.