Barua kwa Mwanangu: Ile Wiki Uliyoinunua Williamsburg

Ukunda, Jumanne usiku

Mwanangu Rehema,

Salaam nyingi kutoka kwetu. Mamako hajambo, goti limetulia tangu mvua ikatike. Nimekupigia mara mbili leo simu haiingii, nikakumbuka ulisema wiki hii mna zamu kwenye meli yenu ya jeshi la Marekani. Basi naandika. Ukiipata, isome yote kabla hujanijibu.

Zile picha za mkataba nimezikuza kwenye simu ya kakako hadi macho yakaniuma. Naanza na lisiloweza kungoja: ulitia saini Jumamosi. Sheria ya Virginia inampa mnunuzi wa taimshea, yaani hiyo haki ya kukaa hotelini wiki moja kila mwaka, siku saba za kughairi, bila kutoa sababu, akarudishiwa pesa zake. Hesabu yako inaisha Jumamosi hii saa sita ya usiku. Ikishapita hapo, ni wewe na wao.

Uliponiambia, "Baba, nimewekeza," nilifurahi kama dakika moja hivi. Halafu ukasema ni wiki ya hoteli, nikakaa kitako.

Unajua nilikuwa fundi wa mabomba Diani miaka ishirini na ushee, lakini sidhani niliwahi kukueleza kwamba ile hoteli nayo ilikuwa ikiuza wiki. Wenyewe wengi walikuwa Waingereza. Sisi wafanyakazi tuliwaita kwa namba za wiki zao. Kulikuwa na Bwana na Bi Wiki ya Sita, wa mwanzo wa Februari, kaskazi imekolea, bahari kioo. Kila mwaka walipofika, bomba la bafu lilikuwa na kasoro, na kila mwaka nilipanda kulitengeneza, tukazungumza. Watu wema sana.

Agosti 1997 vurugu za Likoni zilipozuka, Diani ikawa makaburini. Hoteli zilifunga vyumba, wenzangu wakarudishwa makwao. Februari iliyofuata Wiki ya Sita hawakuja, wala wa ya Saba, wala wa ya Nane. Lakini ankara za ada ya matengenezo zilikwenda Uingereza vilevile, kila mmoja yake. Nilimuuliza mhasibu, mbona walilipishwa na hawakulala? Akaniambia, "Fundi, hawa hawalipii kulala. Wanalipia kumiliki."

Miaka ikapita, mzee akafariki. Yule bibi alirudi peke yake mara moja, akaniita chumbani, nikadhani ni bomba. Kumbe alitaka kunipa wiki yake. Bure. Watoto wake wameikataa, dalali hataki hata kuisikia. Mwanangu, nilitoka pale naelea. Mimi, mtoto wa Ukunda, nina chumba cha kutazama bahari! Nikampitia mhasibu kumpa habari njema. Akafungua daftari, akanionyesha ada ya mwaka kwa pauni, akaibadilisha kwa shilingi kwa penseli pembeni mwa ukurasa. Ilikuwa mishahara yangu mitatu na zaidi. Na mwaka uliotangulia haikuwa hivyo, na uliotangulia huo haikuwa hivyo pia. Ilikuwa ikipanda tu.

Nilirudi kwa bibi nikamwambia ahsante, siwezi. Hakushangaa. Alisema mimi ni mtu wa nne kumkatalia.

Kitu usichoweza kumpa mtu bure akakichukua, wewe umekilipia dola 21,900.

Sasa tupige hesabu, kwa namba zilizo ndani ya karatasi yako mwenyewe. Ulitanguliza 2,190 kwa kadi ya mkopo. Zilizobaki, 19,710, umekopeshwa na hao hao wauzaji kwa riba ya asilimia 16.9, miaka 10. (Habari ya riba na dini yetu naiacha, mamako ataifikia.) Hiyo ni dola 341 kila mwezi. Miaka kumi ikiisha utakuwa umetoa karibu 43,150 ukijumlisha ulizotanguliza. Ongeza ada ya matengenezo, 1,140 kwa mwaka, na tuseme kwa miujiza isipande hata senti: 11,400 nyingine. Jumla inapita 54,500, kwa wiki kumi. Gawanya kwa usiku sabini. Ni kama dola 779 kila usiku unaolala Williamsburg. Kwa bei hiyo, mwanangu, hata sultani angeuliza kama kuna punguzo. Na mkopo ukiisha, ada haiishi.

Kakako alinitafutia kwenye eBay. Watu wanauza wiki zao kwa dola moja. Ile tume ya biashara ya Marekani, FTC, nayo inawaambia wananchi wazi kwamba faida ya kitu hiki ni kukitumia kwa likizo, si kitega uchumi. Aliyekuambia kitapanda bei kama kiwanja cha Diani ni yule aliyekulisha kifungua kinywa, akakuonyesha picha yake amevaa sare ya jeshi, akasema bei ni ya leo tu. Ulisema walikuahidi mazungumzo ya dakika 90. Uliingia saa tatu ukatoka saa tisa, umechoka, umeshukuru. Simlaumu sana, anakula kwa kamisheni. Lakini hakuwa akizungumza kama mwanajeshi mwenzako.

Na wewe ndiye mtu ambaye kitu hiki kinamfaa kidogo kuliko wote. Likizo yako ni siku 30 kwa mwaka, na si wewe unayepanga lini. Meli ikiondoka miezi saba, wiki yako inapita ukiwa katikati ya bahari. Ukihamishiwa San Diego au Yokosuka, nani atakuja Virginia? Nyumba ya kupanga unaweza kuivunjia mkataba kwa kuonyesha barua ya uhamisho, sheria inakulinda. Taimshea haimo humo. Hata ile sheria inayoshusha riba hadi asilimia 6 ni kwa madeni uliyoingia nayo jeshini, si uliyojitwika ukiwa ndani. Na ukishindwa kulipa, deni linaweza kukufuata hadi kwenye kibali chako cha usalama, kile cha kuaminiwa siri za jeshi, na bila kibali kazi yako unaijua.

Kinachoniuma ni kwamba likizo za wanajeshi zipo tayari. Wewe mwenyewe ulinisimulia Hale Koa, ile hoteli ya jeshi Waikiki, na ile ya Orlando ndani ya Disney, bei kwa cheo. Na kuna Armed Forces Vacation Club: wiki ambazo hazikupata watu kwenye hoteli kama hiyo hiyo yako, wanajeshi wanakodishiwa kwa mamia machache ya dola. Unalala, unarudisha ufunguo, kwaheri. Bomba likiharibika si lako.

Kama ni kuwekeza, ulianza vizuri ulipoingia, ukaweka asilimia 3 ya mshahara kwenye TSP, ile akiba yenu ya uzeeni. Ipandishe ifike 5, maana mkiwa kwenye mpango mpya wa pensheni serikali inakuwekea 5 nyingine. Hizo 341 zina mahali pa kwenda.

Fanya hivi. Mkataba una ukurasa unaoeleza namna ya kughairi, ni ule wa nne kutoka mwisho, herufi ndogo kama chawa. Andika barua fupi: jina, namba ya mkataba, tarehe, "naghairi". Saini. Usipige simu, usiende kuwaona kwa maneno, watakukalisha tena. Peleka kwa posta iliyothibitishwa yenye risiti ya kupokelewa, na iwe kesho, Alhamisi ukichelewa sana. Kabla ya kutuma, pita ofisi ya mawakili wa jeshi hapo Norfolk wakuangalizie, hawatozi kitu. Na akitokea mtu wa kukupigia simu kuwa atakusaidia kujitoa ukimtangulizia pesa, mkatie.

Ile kadi ya zawadi ya dola 100 waliyokupa, kama watadai, wape.

Risiti ya posta ipige picha unitumie, hata iwe usiku wa manane kwetu. Simu nitailaza kichwani.

Ni mimi babako