Rono alikuwa Cougar, si mwanafunzi wa "chuo kimoja Marekani"

Bwana Mhariri,

Jumapili iliyopita mama mmoja jirani yangu hapa Eldoret alikuja kanisani amevaa sweta aliyotumiwa na mwanawe anayesoma Marekani, katika chuo kikuu cha Iowa State. Kifuani ana ndege mwekundu mwenye mdomo wa manjano, na juu yake neno Cyclones. Akaninong'oneza, "Mwalimu, hii si ni kimbunga? Sasa huyu kuku anafanya nini hapa?" Nilifundisha michezo miaka mingi, kwa hiyo mtaani maswali ya aina hiyo huishia kwangu.

Nilimweleza nje baada ya ibada. Mwaka 1895 timu ya chuo hicho, ile ya futiboli ya Kimarekani, iliichapa timu ya chuo cha Northwestern 36–0, na gazeti moja la Chicago likaandika kwamba wenyeji wamepigwa na kimbunga. Jina likaganda. Miaka ya 1950 walipotaka maskoti, yule mnyama wa kuruka-ruka kando ya uwanja, wakakwama: kimbunga utakishonea vazi gani? Kwa kuwa rangi yao ni wekundu wa ndege kadinali, wakamchukua ndege huyo na kumwita Cy. Mama alicheka hadi akashika ukuta.

Hadithi kama hizo ndizo ninazozikosa katika kurasa zako za michezo. Mwandishi wako akiwafikia vijana wetu walioko huko, ama anaandika "anayesomea chuo kimoja Marekani", ama anatafsiri kwa panga. Majuzi nilisoma timu ya chuo cha Texas kilichoko El Paso ikiitwa "Watoto". Watoto! Alichanganya Miners na neno jingine la Kiingereza linalosikika vivyo hivyo, minors. Hao ni wachimba migodi, kwa sababu chuo chenyewe kilifunguliwa mwaka 1914 kikiwa shule ya madini. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, aliivaa jezi hiyo. Nani ataenda kumwambia alikuwa timu ya watoto?

Na mkimbiaji wetu Henry Rono je? Mwaka 1978, ndani ya siku 81, alivunja rekodi nne za dunia: mita 5,000, kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Wakati huo alikuwa Cougar, yaani mwanatimu wa chuo cha Washington State, kama Samson Kimobwa aliyevunja ile ya mita 10,000 mwaka mmoja kabla yake. Cougar ni paka mkubwa wa mwituni huko Amerika, si simba mlivyowahi kuandika. Chuo hicho kilikuwa kikifuga cougar hai tangu 1927, kila mmoja akirithi jina Butch, na wa mwisho alikufa mwaka huohuo wa rekodi za Rono. Sisemi mambo hayo yanahusiana. Nasema mwandishi mwenye njaa ya habari hangeyapita.

Kuna wanaodai kwamba msomaji anataka muda na nafasi tu, mengine ni mapambo. Waje kijiweni. Edward Cheserek alipokuwa akiwamaliza wenzake akiwa na Ducks, timu ya chuo cha Oregon, mataji 17 ya vyuo, vijana hapa walikuwa wakitaniana kwamba Mkenya amegeuka bata. Hakuna aliyewaambia kuwa bata huyo wa Ducks alitokana na Donald Duck mwenyewe, na kwamba ruhusa ya kumtumia ilianza mwaka 1947 kwa mkuu wa michezo wa chuo, Leo Harris, kupeana mkono na Walt Disney, bila karatasi yoyote.

Ninachoomba ni kidogo. Jina la timu libaki lilivyo, kisha sentensi moja ya Kiswahili ieleze limetoka wapi. AFC Leopards mnawaita Ingwe kila wiki, na hamjawahi kulitafsiri hilo.

Mama yule ameshaniahidi kwamba Jumapili hii atakuja na kofia ya mpwa wake aliyeko Alabama. Nimeiona: mbele ina tembo, nyuma imeandikwa Crimson Tide, yaani maji mekundu yanayojaa. Lichapisheni hilo mapema, angalau Jumapili moja nisali kwa utulivu.

Mwalimu mstaafu,
Eldoret