Kazi ya dirishani isailiwe dirishani

Mhariri,

Ninasoma gazeti lenu tangu nikiwa kidato cha pili na sijawahi kuwaandikia. Ile habari ya Jumatatu, wakubwa wa mabenki wakilalamika kwamba vijana wanaoomba kazi za dirishani hawajui kuzungumza na wateja, imenishinda kuinyamazia. Wamejuaje, ikiwa kwenye usaili hawatukutanishi na mteja hata mmoja?

Miaka mitatu sasa nipo kwenye kibanda cha uwakala wa fedha karibu na Soko la Chifu Kingalu, hapa Morogoro. Mama muuza dagaa anafungua pindo la khanga, anatoa noti zenye unyevu amtumie mwanawe ada, na hataki aliye nyuma yake ajue ni kiasi gani. Basi unahesabu kimyakimya, unamwandikia jumla kwenye kikaratasi, anaitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo kazi.

Mwezi uliopita benki moja iliniita kwenye usaili Dar es Salaam. Ujumbe uliingia saa sita mchana, nifike kesho yake asubuhi. Nikakopa nauli ya treni, shilingi 13,000 kwenda na 13,000 kurudi, nikalala kwa shangazi.

Pale mapokezi palikuwa na mzee ameshika hati ya kuweka fedha, imeandikwa Kiingereza kitupu, anaigeuza huku na huku. Wahudumu wanapita tu. Nikamjazia, nikamsomea, akaweka sahihi yake polepole, herufi moja moja. Baada ya muda nikaitwa ndani, mbele ya watu watatu, na kuanzia salamu hadi kuagana ni Kiingereza. Wakaniuliza mteja mwenye hasira nitamtuliza vipi. Hasira za wateja nazijua, nazituliza kila siku kwa "pole mama, hebu kaa kwanza, tuangalie pamoja". Kwa Kiingereza nilibabaika, nikaona mmoja anafunga faili langu. Kisha wakataka niwatajie ndugu na marafiki wenye uwezo nitakaowaleta wafungue akaunti. Baba yangu ni fundi baiskeli! Kwa hiyo kazi wanapewa wenye wajomba matajiri, halafu magazetini tunaambiwa vijana hatujui huduma?

Na lingine. Niliulizwa kama nimeolewa na nategemea kuzaa lini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza kumbagua mtu kwa ndoa au ujauzito, na anayeomba kazi naye analindwa. Wenzangu wawili waliotoka kabla yangu waliulizwa hayohayo. Yule kaka tuliyekaa naye hakuulizwa.

Hadi leo sijajibiwa.

Ninapendekeza hivi. Usaili ufanyike Jumamosi ya mwisho wa mwezi, foleni ikiwa ndefu. Mwombaji apewe kiti, droo yenye shilingi laki tano za noti na sarafu zilizochanganyika, na wateja sita: mmoja asiyejua kusoma, mmoja asiyesikia vizuri, mmoja ambaye kadi yake imemezwa na mashine, na watatu wowote wa kwenye foleni. Jopo likae kwenye benchi la wateja lisikilize bila kuingilia. Mwishoni wateja hao ndio waulizwe nani aajiriwe, na yule mzee wa mapokezi aanze.

Msomaji wenu,
Kihonda, Morogoro