Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Uchaguzi: Tuwekee matokeo ya udiwani, kata kwa kata, tangu 1994

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Katika chaguzi tatu nimekuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura, nikahesabu kura usiku huku mawakala wa vyama wamenizunguka, nikajaza Fomu Na. 21C ya udiwani kwa mkono wangu. Mawakala walisaini, wakachukua nakala zao, na moja nikaibandika ukutani nje ili kila mpita njia aisome. Mara ya mwisho mvua ilinyesha alfajiri. Niliporudi kufuata baiskeli yangu, wino ulikuwa umeshachuruzika na majina mawili kati ya matatu hayasomeki tena.

Siku ile ndipo nilipoanza kuandika matokeo ya kata yetu kwenye daftari la shule, kisha ya kata jirani, na hatimaye ya wilaya nzima. Miaka imepita na daftari lina mapengo mengi kuliko maandishi. Ndiyo maana nakuandikia.

Naomba Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikusanye matokeo ya udiwani ya kila halmashauri ya Tanzania Bara, kata kwa kata, kuanzia uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi wa 1994 hadi wa 2025, pamoja na chaguzi ndogo zote za katikati, na kuyaweka mahali pamoja ambapo mwananchi yeyote atayasoma bila kumbembeleza mtu.

Matokeo ya urais hayana shida ya kukumbukwa. Mtoto wa sekondari anaweza kukutajia nani alishinda 1995, 2005 au 2015. Lakini mwulize nani alikuwa diwani wa kata yake mwaka 2000, alishinda kwa kura ngapi, na aliyemfuata alipata ngapi. Hajui, na baba yake naye anakumbuka nusu. Hali hiyo inaniuma, kwa sababu diwani ndiye anayeingia kwenye baraza kupitisha bajeti ya zahanati yetu na kuamua ushuru wa soko letu. Kura ya udiwani ndiyo kura ambayo mtu wa kawaida anaweza kuifuata kwa macho kutoka kwenye sanduku hadi kwenye daraja lililojengwa au lisilojengwa.

Niliwahi kwenda kwenye ofisi moja ya halmashauri kuomba matokeo ya nyuma. Hakuna aliyenijibu vibaya. Nilielezwa kwamba mkurugenzi aliyekuwa msimamizi wa uchaguzi wakati ule alishahamishwa, na aliyemfuata naye alishahamishwa, na majalada yalihamia jengo jipya bila orodha. Nikaelekezwa kwa mtendaji wa kata. Mtendaji alikuwa kijana mgeni, ana miezi minne kazini, akanionyesha kabati lenye risiti za michango. Simlaumu hata mmoja wao. Kumbukumbu iliyoachwa ikae kichwani mwa mtumishi huondoka naye siku anapopata uhamisho.

Nchi yetu imewahi kupoteza serikali za mitaa zenyewe, achilia mbali majalada yake. Mwaka 1972 halmashauri zilifutwa na kazi zake zikahamishiwa kwenye utawala wa mikoa na wilaya. Sheria za 1982 ndizo zilizozirudisha, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi 1984. Wazee wa rika langu wanaikumbuka enzi ya chama kimoja, wagombea wawili wa ubunge wakishindana kwa alama ya jembe na nyumba. Kisha vyama vingi vikaruhusiwa 1992, na 1994 tukachagua madiwani kwa mara ya kwanza tukiwa na vyama tofauti kwenye karatasi. Uchaguzi ule ulifanyika peke yake, mwaka mmoja kabla ya ule wa Rais na wabunge. Baadaye udiwani ukaunganishwa na urais na ubunge siku moja. Mtu anayelinganisha 1994 na miaka iliyofuata asipolijua hilo atashangaa bure, maana siku ya kumchagua Rais huleta kituoni watu ambao diwani peke yake asingewaleta.

Sasa niseme juu ya mipaka, kwa sababu hapa ndipo daftari langu liliponishinda.

Ukitaka kufuata matokeo ya Karatu, lazima ujue kwamba ilimegwa kutoka Mbulu. Na ukitaka ya Mbulu, ujue kwamba ilikuwa Mkoa wa Arusha hadi Manyara ilipoanzishwa 2002. Chato ilitoka Biharamulo ikiwa Kagera, kisha 2012 ikahamia Mkoa mpya wa Geita. Madiwani waliochaguliwa 2015 ndani ya Manispaa ya Kinondoni, baadhi yao walijikuta mwaka uliofuata ni madiwani wa Ubungo, bila kura hata moja kupigwa upya. Na anayetafuta "Jiji la Dar es Salaam" kabla ya 2021 atakuta kitu kingine kabisa, kwa sababu halmashauri ya jiji ya zamani ilivunjwa mwaka huo na Ilala ikapewa hadhi ya jiji.

Kata nazo huzaana. Kata moja ya 1994 inaweza kuwa kata tatu leo, na moja kati ya hizo tatu ikabaki na jina la mama. Ukiweka kura za jina lile za zamani kando ya za leo, utasema watu wamekimbia upigaji kura, kumbe wameandikishwa kata ya pili. Mwaka 2025 nchi ilikuwa na kata 3,960. Naomba kila moja iandikiwe nasaba yake: ilizaliwa lini, kutoka wapi, na vijiji gani au mitaa gani ilibeba. Bila nasaba hiyo, kuweka matokeo ya miaka 30 pamoja kutawapotosha watu wenye nia njema.

Jambo la pili ni zito zaidi, na naomba ulisome polepole.

Katika majedwali mengi niliyowahi kuyaona, chama kisichopata kiti huandikiwa sifuri. Lakini sifuri zinatofautiana. Kuna sifuri ya mgombea aliyesimama, akanadi sera, akakataliwa na wapiga kura. Kuna sifuri ya mgombea aliyeenguliwa kwenye uteuzi kwa sababu ya kosa kwenye fomu. Kuna sifuri ya chama kilichojitoa, kama vyama vikubwa vya upinzani vilivyofanya kwenye uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa wa Novemba 2019, CCM ikatangazwa kushinda zaidi ya asilimia 99. Kuna kata za 2020 ambazo mgombea udiwani alipita bila kupingwa, kwa hiyo hapakuwa na karatasi ya udiwani ya kuhesabu. Na kuna sifuri ya CHADEMA ya 2025, chama ambacho hakikuwemo kwenye karatasi kwa sababu hakikusaini kanuni za maadili ya uchaguzi Aprili mwaka ule.

Mjukuu wangu akija kusoma jedwali mwaka 2050, akaona sifuri tano zimepangana, atajuaje ipi ni ya nini? Atafikiri wananchi wa wilaya hii walibadili mawazo ghafla. Rejista ya kweli lazima iandike neno mbele ya namba: alishindwa, alienguliwa, alijitoa, hakupingwa, chama hakikushiriki. Sikuombi utoe hukumu ya nani alikosea. Naomba tu tukio liandikwe kama lilivyotokea.

Vivyo hivyo chaguzi ndogo. Mwaka 2017 na 2018 madiwani wengi wa upinzani walijiuzulu na kuhamia CCM, wakisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Tarehe 26 Novemba 2017 ulifanyika uchaguzi mdogo katika kata 43, CCM ikashinda 42. Anayeangalia matokeo ya 2015 na ya 2020 tu, akaruka miaka ya katikati, hataona kwamba mabaraza kadhaa yalibadilika rangi kabla ya uchaguzi mkuu kufika.

Kuna na idadi ya waliojitokeza. Kitaifa, 2005 walipiga kura takribani 72 kati ya kila 100 walioandikishwa. Mwaka 2010 wakashuka hadi kama 43, 2015 wakapanda hadi 67, 2020 wakarudi kwenye 51 hivi. Ndani ya miaka hiyo diwani yuleyule angeweza kushinda kata ileile mara nne mfululizo, na ukitazama jina lake pekee utaona utulivu mtupu. Kura zake ndizo zingekuonyesha kwamba watu wa kata walikuwa wakija, wakiondoka, wakirudi. Kwa hiyo tafadhali, pamoja na mshindi, tuwekewe walioandikishwa, waliopiga kura, kura zilizoharibika, na kura za kila mgombea hadi wa mwisho. Yule aliyepata kura 11 alistahili kuandikwa. Alichukua fomu, alitafuta wadhamini, alisimama mbele ya majirani zake.

Watu wa Kilimanjaro wataniunga mkono hapa. Wapo walioipigia kura NCCR-Mageuzi 1995 Augustino Mrema alipogombea urais kupitia chama hicho, wakamfuata TLP alipohama 1999, kisha wengi wakaenda CHADEMA. Ukihesabu vyama utaona vyama vitatu vikiibuka na kufa. Ukifuata kata, kura kwa kura, utaona wananchi walewale wakitafuta mlango. Hayo ni maarifa ya siasa yetu ambayo hayapatikani penginepo, na yamelala kwenye fomu.

Na asiwepo wa kusema kwamba udiwani ni jambo dogo. Tarehe 5 Januari 2011 watu walipoteza maisha Arusha, katika mgogoro ulioanzia kwenye uchaguzi wa meya, yaani hesabu ya nani ana madiwani wangapi na nani ana haki ya kupiga kura ndani ya baraza. Kuhusu 29 Oktoba 2025 nitasema kidogo tu, kwa sababu wafiwa bado wapo na wana haki ya kusema kabla yangu. Intaneti ilizimwa, watu waliuawa, na matokeo ya kata yalitoka wakati wengi wetu hatukuwa na namna ya kuyaona. Kwa uchaguzi huo kuliko mwingine wowote, naomba fomu za vituo zihifadhiwe na zionyeshwe.

Najua utasema uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, vitongoji na mitaa hauko kwako. Ni kweli, ule wa 2014, wa 2019 na wa 27 Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, ofisi ya Rais inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa, na nakala ya barua hii naipeleka kwa Katibu Mkuu wao. Madiwani wa Zanzibar nao wana Tume yao. Lakini mwananchi wa kawaida hagawanyi maisha yake hivyo. Mwenyekiti wa kijiji na diwani wanakaa kwenye mkutano mmoja chini ya mwembe mmoja. Mkiweza kukubaliana majina na mipaka ifanane kwenye kumbukumbu zenu mbili, mtakuwa mmetusaidia sana.

Sheria haikuzuii. Ibara ya 18 ya Katiba inampa raia haki ya kupewa taarifa kuhusu mambo muhimu kwa maisha yake. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 imeweka siku 30 za kujibu ombi. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya 2002 inafungua nyaraka za umma zikifikisha miaka 30, na majalada ya 1994 yameshafika. Wala hili si jambo la fedha nyingi. Matokeo haya yalishalipiwa: tulilipia masanduku, wino, posho za wasimamizi, mafuta ya magari yaliyobeba fomu usiku kwenda kwenye majumuisho. Kilichobaki ni kuyatoa kwenye makabati, kuyapiga picha, na kuyaandika.

Yaanze hata na wilaya tano. Chagueni zilizogawanywa zaidi, maana zikiwezekana hizo, nyingine zote zitawezekana. Waiteni wasimamizi wa vituo wastaafu, tupo wengi, na tunaifahamu mihuri na miandiko ya wenzetu. Mawakala wa zamani wa vyama vyote bado wana nakala zao kwenye masanduku ya nguo. Pale fomu ya Tume imepotea, nakala ya wakala iliyosainiwa inaweza kuziba pengo, mradi iandikwe wazi kwamba imetoka kwa wakala.

Daftari langu nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisiingie unyevu. Lina kata za wilaya yetu, baadhi zikiwa na kura za wagombea wote, nyingine zikiwa na jina la mshindi tu, na nyingine mstari mtupu wenye mwaka pembeni. Nipo tayari kulileta Dodoma mwenyewe siku utakayoniita, tulilinganishe na majalada yako ukurasa kwa ukurasa.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu na mpiga kura

Nakala: Katibu Mkuu, Ofisi ya Rais – TAMISEMI